Nyumba Zinga vyumba vitatu milioni 32, ipo sokoni mwaka wa tatu. Kuna nini hapo?

#1 Kibarua wa Posta
Habarini wakuu. Nimepanga Tegeta mwaka wa tisa sasa, mama watoto kachoka, mi nimechoka, na mwenye nyumba kapandisha tena. Kuna nyumba nimeoneshwa Zinga ya Bagamoyo, sio barabarani, unaingia ndani upande wa baharini njia ya kwenda Mlingotini, kama kilomita mbili na bodaboda. Vyumba vitatu kimoja masta, sebule, jiko la ndani, kibaraza kizuri mbele, bati la msauzi, umeme upo, maji ya kisima, kiwanja hatua 35 kwa 30 na minazi ndani. Anataka milioni 32 na maongezi yapo. Viwanja vitupu tu karibu na lami nimeambiwa 15 mpaka 20, nyumba nzima iweje 32?

Sasa dereva boda aliyenipeleka (sio dalali, dereva tu) kaniambia hii nyumba ina mwaka wa tatu watu wanaletwa wanaangalia wanaondoka. Nikamuuliza kwa nini, akacheka akasema mi kazi yangu kubeba abiria. Nyumba haina ufa hata mmoja, nimeizunguka mwenyewe. Wenye kuyajua maeneo hayo, kuna nini?

#2 Mlalahoi Original
Hela ya kuoneshwa umetoa shilingi ngapi?

#3 Kibarua wa Posta
Elfu ishirini. Kwani vipi?

#4 Mlalahoi Original
Basi ndo biashara yenyewe hiyo. Watu watatu kila wikiendi, wiki 52, miaka mitatu, hiyo ni milioni tisa na ushee na nyumba bado anayo. Nyumba haiuzwi hiyo mkuu, inaoneshwa.

#5 Mnyamwezi wa Pwani
Hahaha #4 umeua. Mi nasema majini. Wakwere hawauzi nyumba nzuri, wakikuuzia ujue kuna babu kabaki chumba cha uani na hataki kuhama.

#6 Mkwere Asilia
Babu yako alikuja Bagamoyo kabeba pembe za ndovu za watu kichwani, alivoona bahari akabwaga mzigo akasahau njia ya kurudi Tabora, leo mjukuu wake anatufundisha majini ya Zinga. Mleta mada huyo ni mtani wangu, usimjibu, mpe maji ya kunywa tu.

#7 FundiJamvi
Tuache utani kidogo. Mkuu umesema haina ufa, ufa sio ugonjwa wa huko. Ukanda wote kuanzia Mapinga mpaka Bagamoyo mjini upande wa chini ugonjwa ni chumvi. Ulishika ukuta kwa kiganja? Ulisogeza kabati? Ukirudi sogeza kitu chochote kilichoegemea ukuta, angalia kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kiuno, ukikuta rangi imevimba malengelenge au unga mweupe unadondoka ukigusa basi umejibiwa kwa nini watu wanaondoka. Wengi walijengewa kwa mchanga wa kuchota jirani na ufukweni kwa sababu ni wa karibu na ni bure, na maji ya kuchanganyia zege yakatoka kisima cha chumvi. Hiyo chumvi ikishaingia kwenye tofali haitoki mpaka unakufa, usiku inavuta unyevu wa hewa ya bahari, mchana inakauka inasukuma lipu nje, kila siku hivyohivyo. Na nondo za lenta zinakula kutu ndani huko huzioni mpaka zege linapasuka. Mwenye nyumba anapiga skimu na rangi wiki moja kabla mteja hajaja. Nikuulize, rangi ilikuwa mpya?

#8 Kibarua wa Posta
Ilikuwa mpya. Inanuka kabisa. Nikadhani ni heshima kwa mgeni.

#9 Mlalahoi Original
Heshima 😂😂😂

#10 Mama Wawili
Mi naishi Kerege mwaka wa saba na nyumba yangu niliinunua hivyohivyo ikiwa imekaa sokoni miaka miwili, haikuwa na jini wala chumvi, ilikuwa na Jumatatu. Nieleweni. Watu wanakuja kuangalia nyumba Jumamosi mchana, upepo unavuma, wanapewa dafu, wanasema ee huku ndo kuishi. Hakuna anayekuja kuangalia nyumba Jumatatu saa kumi na nusu alfajiri masika inanyesha, anatembea kwenye tope na tochi ya simu kuitafuta lami. Mi kazi yangu Mwenge. Nikitoka nyumbani kabla ya saa kumi na moja nafika salama, nikichelewa nikatoka saa kumi na mbili basi nimeshaliwa na foleni, napita Bunju nasinzia, naamka Tegeta, nasinzia tena naamka bado Tegeta. Mwaka wa kwanza ikabidi tupange chumba kimoja Boko tunalala siku za wiki, nyumba yetu wenyewe tukawa tunaitembelea Jumapili kama mgonjwa.

Na kuna lingine hakuna dalali atakwambia. Kijijini sio mtaani Tegeta unafunga geti unaangalia tamthilia. Msiba wa kwanza kutokea kwa jirani yangu mi nilikuwa kazini, sikwenda, nikatuma elfu kumi kwa mtoto. Mwaka mzima nikawa naitwa "yule wa geti jeusi". Sio kwamba walinichukia, walikuwa tu hawana kitu kingine cha kuniita. Mpaka nilipokaa jikoni kwenye shughuli ya mtu nikamenya vitunguu mpaka saa nane usiku ndo nikapata jina. Sasa hivi nikisafiri kuku wangu wanalishwa sijui hata na nani.

Kwa hiyo ndugu yangu inawezekana kabisa nyumba haina kitu, waliokuja kabla yako walipiga hesabu ya nauli wakageuza.

#11 Kijana wa Bunju
Dada #10 umenigusa. Ila mi nadhani hapo ni X tu. Barabara ya Bagamoyo inatakiwa kupanuliwa, nyumba kibao zina X nyekundu ya kubomolewa, wanazipiga rangi juu wanauzia watu wa mjini. Halafu kijijini hakuna hati, mwenyekiti anagonga muhuri unampa asilimia kumi yake imekwisha, barabara ikija unalia mwenyewe.

#12 Bikoni Tatu
#11 umechanganya vitu vitatu. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya lami, ni sheria ya 2007, zamani ilikuwa 22.5. Ndo maana ukiona X za kijani ni wale waliokuwa halali kwa kipimo cha zamani kipya kikawakuta, hao wana haki ya fidia, nyekundu ndo hana chake. Lakini jamaa kasema yuko kilomita mbili ndani, hiyo barabara itapanuliwa mpaka baharini?

Hati zipo kijijini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inatoa hatimiliki ya kimila, kama kijiji kimepimwa mipaka na kina cheti chake. Na mwenyekiti hauzi wala haidhinishi peke yake, ukitoka nje ya kijiji unataka kununua haki ya mwanakijiji inabidi halmashauri ya kijiji ikae ikubali, ile yenye wajumbe 15 mpaka 25, na uombe muhtasari wa kikao sio muhuri tu. Hiyo asilimia kumi usiniulize iko kifungu gani, mi nimesoma sheria nzima sijakutana nayo. Tatu, kama hapo pameshapangwa mipango miji na kupimwa viwanja basi ni sheria nyingine, Na. 4, unaenda halmashauri ya wilaya Bagamoyo. Mleta mada ulioneshwa karatasi gani?

#13 Kibarua wa Posta
Picha tu kwenye simu ya dalali. Karatasi ya mkono ya mauziano, ya 2009, ina muhuri wa kijiji na majina ya mashahidi. Jina la mnunuzi ni la mwanaume. Anayeuza niliyeongea naye kwenye simu ni mama, yuko Mwanza.

#14 Dalali Mstaafu
Haya sasa tumefika. Nimefanya hii kazi miaka kumi na moja nikaacha kwa sababu ya presha, nakupa siri ya kambi. Nyumba ikikaa sokoni muda mrefu bei ikiwa nzuri, sababu sio nyumba, ni watu. Jina la mwanaume muuzaji mwanamke. Yuko wapi huyo baba? Kama yu hai, basi nyumba waliyokuwa wanaishi mke na mume mmoja hauzi bila mwenzie kuridhia, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59. Kama hayupo duniani basi kuna mirathi, na kama kuna mirathi msimamizi ni nani, barua ya mahakama iko wapi, na watoto wa mke mkubwa wako wangapi. Mi niliwahi kuuza nyumba Kiromo, mteja kalipa, kahamia, kapaka rangi, siku ya arobaini tangu ahamie akaja kijana ana mkeka anasema hapa ni kwa baba yangu mimi nalala kibarazani. Akalala kweli. Wiki tatu. Mteja akawa anampelekea chai kila asubuhi maana ni binadamu jamani.

Wateja waliokutangulia waliuliza hilo swali wakajibiwa kwa kusitasita, wakaondoka. Hakuna chumvi wala nini.

#15 FundiJamvi
#14 mi siongelei karatasi naongelea ukuta. Rangi mpya ya nini kama shida ni mirathi?

#16 Mzee Chokaa
Vijana assalaam aleikum. FundiJamvi umesema kweli nusu. Mchanga wa pwani una chumvi ndiyo, lakini nyumba nyingi za huko zilijengwa kwa mchanga wa shamba safi kabisa na bado zinamenyuka. Tatizo mnamwaga jamvi bila kutandika nailoni chini, msingi unanyonya maji ya ardhini kama utambi wa taa, maji yanapanda na chumvi ya ardhini. Halafu mnaufunga ukuta kwa lipu ya saruji, maji hayana pa kutokea. Nendeni Mji Mkongwe hapo Bagamoyo, kuta za matumbawe na chokaa, zipo karibu na bahari kuliko hiyo nyumba ya Zinga, zina miaka zaidi ya mia na kuta bado zinapumua. Chokaa inaruhusu unyevu kutoka. Saruji ni kumvalisha mtu koti la mvua ndani ya jua.

#17 FundiJamvi
Shikamoo mzee. Nyumba za Mji Mkongwe nyingine zimebaki kuta mbili na mti umeota sebuleni, tusizipambe sana.

#18 Mzee Chokaa
Marahaba. Mti umeota kwa sababu paa lilianguka na hakuna aliyeziba. Ukuta haukuwa na kosa.

#19 Ngalawa78
Mnazunguka mbuyu. Mi mzaliwa wa Mlingotini, mama yangu analima mwani hapo mpaka leo. Kinachofukuza wateja huku ni mradi wa bandari ya Bagamoyo. 2013 ule mkataba na Wachina uliposainiwa bei za ardhi zilipanda mpaka mzee anauza shamba asubuhi, jioni analia kauza rahisi. Oktoba 2015 likawekwa jiwe la msingi. 2019 Magufuli akasema masharti yale hayakubaliki, ikasimama. 2021 mama Samia akasema mazungumzo yafufuliwe. Sisi tumeshazoea, mwaka huu unaambiwa usijenge utabomolewa, mwaka ujao unaambiwa jenga haraka utathaminiwa. Kuna nyumba zilijengwa huku kwa ajili ya mthamini wa fidia tu, ukifungua mlango chumba hakina dirisha. Mtu mwenye akili zake hawezi kuweka milioni 32 mahali ambapo ukisikia gari la serikali linapita unatoka nje kuangalia limebeba bikoni za kupimia au limebeba chanjo.

Mkuu uliza kijijini kama hicho kiwanja kipo ndani ya ramani ya eneo maalum la uwekezaji au nje. Pale kuna mipaka, jirani na jirani wanatofautiana.

#20 Kijana wa Bunju
Sasa #19 si ndo vizuri, ananunua kwa 32 anasubiri fidia analipwa 80.

#21 Ngalawa78
Wewe umewahi kusubiri fidia? Uliza waliosubiri. Huruhusiwi kupanda mnazi mpya, huruhusiwi kuongeza chumba, mtoto anaoa anakaa kwa mkwe kwa sababu baba yuko kwenye uthamini.

#22 Mnyamwezi wa Pwani
Nani atajenga masta na kibaraza kizuri kwa ajili ya mthamini? Hiyo nyumba mtu aliijenga akae. Nabaki na jini langu.

#23 TangaRaha
Njooni Tanga jamani mnateseka nini. Kwa hela hiyo Pongwe au Mwambani unapata nyumba na chenji ya kununulia baiskeli, mjini unafika kabla redio haijamaliza taarifa ya habari, maji ni ya Mabayani mto Zigi sio kisima cha chumvi. Foleni yetu kubwa ni ng'ombe.

#24 Mama Wawili
TangaRaha sasa mtu wa Posta akae Pongwe aende kazini na nini, ndoto?

#25 TangaRaha
Aache kazi. Nani kawaambia kazi iko Posta tu. Ila nikubali, Pongwe kwenye njia za magari ya mizigo vumbi la machimbo lipo, unafua shuka jeupe unaanua la kijivu, mke wangu alianza kununua shuka za kijivu moja kwa moja.

#26 Mlalahoi Original
Kwa hiyo kila mahali pana ukuta unadondosha unga, kwao ndani kwenu nje.

#27 Bikoni Tatu
Mleta mada nakupa kipimo kimoja rahisi kabla hujaenda kwa wanasheria. Dalali kasema nyumba ipo tupu muda gani?

#28 Kibarua wa Posta
Kasema tangu mama aende Mwanza, kama miezi kumi hivi haikai mtu.

#29 Bikoni Tatu
Sawa. Kodi ya jengo siku hizi inakatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, nyumba ya kawaida isiyo ghorofa ni 1,500 kwa mwezi, na usiponunua umeme deni linajilimbikiza. Ukienda chukua namba ya mita, nunua umeme kwa simu yako hapohapo. Ikikukata kumi na tano elfu basi kweli hakuna aliyenunua umeme miezi kumi. Ikikata kidogo, kuna mtu.

#30 Dalali Mstaafu
Dah. Miaka kumi na moja sikuwahi kuliwaza hilo. Ningeacha kazi mapema.

#31 FundiJamvi
Na kisima onja maji, usiangalie kwa macho. Halafu uliza kina futi ngapi. Huko maji matamu yanaelea juu ya ya chumvi, anayechimba kwenda chini sana akidhani anafuata maji mengi anaikuta bahari. Jirani ana kisima kifupi maji matamu, wewe una kirefu unakunywa chumvi. Na ukinyonya kwa pampu kubwa kutwa nzima hata kizuri kinageuka.

#32 Mkwere Asilia
Nimekaa kimya muda mrefu nawasoma. Ardhi mmeuliza, nyumba mmeuliza, mita mmeuliza. Minazi ni ya nani?

#33 Kibarua wa Posta
Ya nani tena? Si ipo ndani ya kiwanja.

#34 Mkwere Asilia
Ndo watu wa mjini mnapofia hapo. Pwani mnazi ni mali peke yake, ardhi ni mali peke yake. Mzee anaweza kukuuzia kiwanja na minazi asikuuzie, au aliirithisha minazi minne kwa dada yake zamani za mkoloni na wajukuu wa huyo dada wanakuja kukwea mpaka leo. Umelala saa moja asubuhi unasikia puu puu nazi zinaanguka uani kwako, unatoka na panga, unamkuta kijana juu anakusalimia shikamoo. Sio mwizi. Ni mwenye mali. Karatasi yako ya 2009 imetaja minazi au imetaja mipaka tu?

#35 Kibarua wa Posta
Wakuu mnanimaliza. Picha haisomeki vizuri. Nakwenda tena Jumamosi na mama watoto, nitarudi na majibu. Asanteni.

#36 Shangazi Kaja
Nimepita tu kusema usiende Jumamosi. Msikilize Mama Wawili, nenda Jumatatu alfajiri.

#37 Mama Wawili
❤️

#38 Kijana wa Bunju
Mrejesho tafadhali. Wiki imepita.

#39 Kibarua wa Posta
Samahanini kimya, kazi. Haya.

Tulilala huko. Mama watoto ndo alishauri, tukalala kwa binamu yake Kiromo Jumapili usiku ili Jumatatu tujaribu safari. Kwa hiyo nimepata vyote viwili, Jumapili na Jumatatu. Tuanze na ukuta. Nilisogeza kitanda chumba cha kwanza, ukuta mkavu kama biskuti. Chumba cha pili mkavu. Masta, upande unaotazama baharini, malengelenge mpaka kiunoni na unga nimeuona kwa macho. Chumba kimoja tu.

Mita. Ilikuwa tarehe 18. Nimenunua ya elfu tano. Sikukatwa jengo hata shilingi moja.

Maji ya kisima sio ya chumvi na sio matamu. Mama watoto kasema yana ladha ya sarafu. Kina hakuna anayejua.

Karatasi nimeiona yenyewe, imetaja mipaka kwa majina ya majirani na mti wa mwembe ambao haupo tena. Baba mwenye jina nimeambiwa amesafiri.

Jumatatu tulitoka saa kumi na moja kasoro robo, nilifika Posta saa moja na dakika kumi. Mvua haikunyesha.

#40 FundiJamvi
Nilisema!! Upande wa bahari, chumvi. Chumba hicho kilijengwa na mchanga wa trip tofauti, uliza utaambiwa mchanga wa kwanza uliisha.

#41 Mzee Chokaa
Mchanga ungekuwa mbaya ungeharibu nyumba nzima mwanangu. Masta ndo chenye bafu. Kuna bomba linavuja chini ya jamvi, na nailoni hakuna.

#42 Mnyamwezi wa Pwani
Chumba kimoja, upande wa baharini, na umeme unatumika nyumba tupu. Sisemi kitu. Sisemi kabisa.

#43 Bikoni Tatu
Hukukatwa hata shilingi maana yake mwezi huohuo kuna mtu ameshanunua umeme kabla yako na akakatwa yeye. Nyumba sio tupu.

#44 Dalali Mstaafu
Amesafiri safari ipi? Ya kwenda na kurudi au ile nyingine?

#45 Kibarua wa Posta
Niliuliza hivyohivyo, dalali akasema "amesafiri tu". Kuhusu umeme, alikuwepo mzee wa nyumba ya jirani, nikamuuliza nani analala hapa, akasema anakuja kijana kuwasha taa ili watu wajue pana mtu. Kijana wa nani? Akasema wa hapahapa.

#46 Dalali Mstaafu
Ana mkeka?

#47 Mlalahoi Original
😂😂😂😂 jamani

#48 Ngalawa78
Kuwasha taa ni kawaida huku, nyumba tupu inaibiwa waya na milango wiki moja tu. Hilo lisimtishe. Eneo la mradi uliuliza?

#49 Kibarua wa Posta
Mtendaji hakuwepo, ameniambia kwa simu niende Jumatano na barua. Mjumbe mmoja kasema tupo nje ya mpaka, mwingine aliyesimama naye kasema ndani, wakaanza kubishana wenyewe kuhusu njia ya zamani ya ng'ombe ilikuwa inapita wapi, tukawaacha.

#50 TangaRaha
Pongwe bado ipo.

#51 Shangazi Kaja
Wifi anasemaje? Maana hapa wanaume mmejenga nyumba tatu na mmebomoa mbili, mwenye kuosha vyombo hajaulizwa.

#52 Kibarua wa Posta
Hapo ndo nilipo matatani shangazi. Kapapenda. Alikaa kwenye kile kibaraza jioni nzima, wamama waliokuwa wanapita na mafungu ya mwani wakamsalimia, mmoja akakaa, wakaongea mpaka magharibi, wakati wa kuondoka ameshaalikwa shughuli mwezi ujao na nyumba hatujanunua. Ananiambia masta tutaifanya stoo.

#53 Mama Wawili
Mwambie ajifunze kumenya vitunguu haraka.

#54 Mzee Chokaa
Stoo ya nini, nimwagieni hapa picha ya bafu.

#55 Mkwere Asilia
Minazi mkuu. Umeongea yote hukusema minazi.

#56 Kibarua wa Posta
Aah minazi. Tuliihesabu. Mi nilihesabu kumi na miwili. Yule mzee jirani akaja na fimbo akahesabu upya kumi na mmoja, akasema huo mwingine umeegemea kwenu lakini mizizi iko kwake. Kati ya hiyo kumi na mmoja mitano ni ya mtu wa Kondo, hakumtaja jina, akasema mwenyewe akija mtaonana. Sita ndo ya nyumba.

#57 Mlalahoi Original
Nyumba milioni 32 na minazi nusu.

#58 Shangazi Kaja
Dafu lakini mlikunywa?

#59 Kibarua wa Posta
Tulipewa mawili.

#60 Mkwere Asilia
Ya mnazi wa nani?